Mashine ya Kukimbilia Inakupa Nusu Tu

Nazungumza nanyi, wasikilizaji mlioko hapa Nengo, mlioko mjini Gisenyi, Rubona na Nyamyumba, na ninyi wa kule Nyundo. Majirani zetu wa Goma, ambao sauti hii inawafikia bila kupanga foleni mpakani, nanyi karibuni. Mama, vuta kiti. Mzee wangu, ongeza sauti kidogo. Nawe kijana uliye juu ya pikipiki, egesha pembeni kwanza, barabara haikimbii.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mazoezi ya mwili. Kuna swali ambalo naulizwa sana siku hizi, sokoni, dukani, hata watu wakitoka kanisani au msikitini. Swali lenyewe ni hili: "Daktari ameniambia nifanye siporo, lakini pesa ya kulipia jimu kila mwezi sina. Nifanyeje?" Wengine wanaliuliza kwa namna nyingine: "Pesa ninayo. Sasa nikiingia jimu, nianze na mashine gani?"

Mmeona kinachoyaunganisha maswali haya? Huyu na yule wote wanaamini kwamba mazoezi yanakaa mahali fulani, ndani ya chumba chenye vioo na mashine zinazowakawaka taa, na kwamba mlango wa chumba hicho unafunguliwa kwa pesa. Mmoja amesimama nje kwa kukosa ufunguo, mwingine anao.

Mimi jibu langu nalitoa mapema, ili hata anayetoka sasa hivi kwenda kuteka maji aondoke nalo. Uzito wa mwili wako unatosha. Narudia: uzito wa mwili wako mwenyewe, huo ulionao sasa ukiwa umekaa hapo, unatosha. Unamtosha asiye na pesa, na unamtosha mwenye pesa pia, kwa sababu unafanya kazi mbili pale ambapo mashine ya kukimbilia inafanya moja.

Nitayagawa maneno yangu sehemu tatu. Kwanza, mwili unahitaji nini hasa? Pili, mashine inatoa nini, na inaacha nini? Tatu, ukitaka kuanza leo, nyumbani kwako, unaanzaje? Twende pamoja.

Sehemu ya kwanza. Mwili unahitaji nini?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kuhusu mazoezi. Mwongozo huo una nusu mbili. Nusu ya kwanza watu wengi wameisikia: mtu mzima ajitahidi kupata angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo unaokupandisha pumzi kidogo. Ukipenda kazi nzito zaidi, ya kutoa jasho na kuhema, basi dakika 75 zinatosha. Hiyo ni kazi ya moyo na mapafu.

Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika. Mwongozo uleule unasema kwamba siku mbili au zaidi kwa wiki, mtu afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili wote: miguu, nyonga, tumbo, mgongo, kifua, mabega na mikono. Nusu ya kwanza ni moyo, nusu ya pili ni misuli. Tafadhali zishike zote mbili, maana tutazirudia.

Kwa nini misuli? Je, ni kwa ajili ya vijana wanaotaka kifua cha kujionyesha pale ufukweni? Hata kidogo. Misuli ndiyo inayokunyanyua kitini. Ndiyo inayokudaka unapojikwaa kwenye jiwe la volkano njiani. Tena misuli inapofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari huambiwa ajishughulishe. Baada ya miaka thelathini na kitu misuli huanza kupungua polepole bila kelele, na ukivuka sitini inapungua kwa kasi zaidi. Mzee anayeshindwa kuinuka msalani, mara nyingi si kwamba moyo umemshinda. Mapaja ndiyo yamemshinda.

Katika mwongozo huohuo kuna jambo jingine linalofaa kutupa moyo. Zamani tuliambiwa mazoezi yasiyofika dakika kumi mfululizo hayahesabiwi. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Dakika mbili zinahesabiwa. Dakika tatu za kupanda ngazi zinahesabiwa. Kila mwendo una faida kuliko kukaa.

Tena jambo hili la kukaa lina historia yake. Kule London, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja aitwaye Jeremy Morris aliwatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva na mkata tiketi. Walifanya kazi kwenye basi lilelile, wakavuta hewa ya mji uleule, na watu wa kazi hizi mbili walitoka katika maisha yanayofanana. Tofauti yao ilikuwa nini? Dereva alikaa kutwa. Mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa, mamia ya ngazi kila siku. Mwaka 1953 Morris na wenzake walichapisha waliyoyaona: wakata tiketi waliugua moyo mara chache kuliko madereva, na hata walipougua, ugonjwa haukuwa mkali kama wa wenzao.

Sasa niulize: wale wakata tiketi walilipia jimu gani? Walikuwa na mashine gani? Walikuwa na ngazi na miguu yao. Walijinyanyua wenyewe, ngazi baada ya ngazi.

Na hapa kwetu dereva wa basi la London ni nani? Ni motari anayekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri. Ni mwenye duka aliyezungukwa na rafu, kila kitu anakifikia kwa kunyoosha mkono. Ni karani, ni mwalimu anayesahihisha daftari, ni mtangazaji wa redio aliyekaa mbele ya kipaza sauti. Naam, hata mimi nimo.

Tumemaliza sehemu ya kwanza. Mwili unataka nusu mbili: moyo na misuli. Tuingie sehemu ya pili: mashine inatoa nini, na inaacha nini?

Mashine ya kukimbilia ina asili ya ajabu kidogo. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza aitwaye William Cubitt alitengeneza gurudumu kubwa lenye vidato kwa ajili ya wafungwa wa gereza la Bury St Edmunds. Wafungwa walishika chuma, wakakanyaga kidato baada ya kidato, gurudumu likazunguka, wao wakabaki palepale. Mahali pengine gurudumu la namna hiyo lilisaga nafaka au kupandisha maji. Ilikuwa adhabu. Leo mtu analipa kwa hiari yake, tena anapanga foleni!

Nimesema hilo ili tucheke kidogo. Tukiacha mzaha, mashine hii ina heshima yake, nayo tuipe. Mwaka 1963 daktari wa moyo wa Marekani, Robert Bruce, alieleza kipimo ambacho mgonjwa hutembea juu ya mkanda, na kila baada ya dakika tatu mwendo unaongezwa na mwinuko unaongezwa, huku madaktari wakiusoma moyo wake. Kipimo hicho kinatumika hospitalini mpaka leo. Aliyepata ajali na anajifunza kutembea upya chini ya uangalizi, mashine inamfaa. Mwenye magoti mabovu, baiskeli isiyokwenda inaweza kumpa zoezi la moyo bila kumuumiza magoti. Wa namna hiyo asiache mashine kwa sababu amenisikia mimi redioni.

Lakini wewe mzima, uliyekaa unasubiri pesa ya jimu, nakuuliza: mashine ile itakupa nini? Itaupandisha moyo, hilo ni kweli. Itakutoa jasho, kweli pia. Hiyo ni nusu ya kwanza. Je, mikono inasukuma chochote? Kifua kinafanya kazi gani? Mgongo je? Na watu wengi wakichoka wanashika vyuma vya pembeni, basi hata miguu inapunguziwa mzigo. Mguu unakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, mstari mmoja, sakafu moja, hatua ileile nusu saa nzima.

Kujitahidi na nusu moja tu ni sawa na kupiga kasia upande mmoja wa mtumbwi. Jasho linatoka, maji yanaruka, na mtumbwi unazunguka palepale.

Kisha linganisha mashine na tulichonacho hapa. Nengo ina ziwa upande mmoja na vilima upande mwingine. Ukiinua macho unauona mlima Rubavu unautazama mji. Tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana mgeni wa Dar es Salaam au Mombasa akipanda hapa siku ya kwanza anahema kuliko alivyozoea. Mlima una jambo ambalo mkanda wa jimu kwa kawaida hauna: una kushuka. Unapopanda, mapaja na makalio yanakusukuma juu. Unapoteremka, misuli ileile ya mapaja inafanya kazi ya breki, inakushikilia usiporomoke. Aliyeshuka mlima mrefu anajua: kesho yake mapaja ndiyo yanayosema. Kwa hiyo kilima chetu kinakupa moyo, na kinaanza kukupa misuli ya miguu. Hakikudai kitu, na umeme ukikatika hakisimami.

Tena jambo la kujenga mwili kwa uzito wake wenyewe hatukuletewa na mtu. Mnaijua ngoma ya intore. Mtazame mchezaji wa intore dakika tano tu: anaruka, anatua, anakanyaga kwa kishindo, mikono imeinuliwa, mgongo umenyooka, pumzi anaimiliki. Moyo na misuli kwa pamoja, nusu zote mbili.

Wazee wetu walikuwa pia na gusimbuka urukiramende, mchezo wa kuruka juu ya kijiti. Mwaka 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, kutoka Ujerumani, alipofika katika nchi ya Mwami Yuhi Musinga, alionyeshwa mchezo huo na picha zikapigwa. Ziliandikwa habari za watu walioruka kiasi cha mita mbili na nusu. Lakini tuseme ukweli wote: mrukaji aliondokea juu ya kichuguu kidogo au jiwe, wala vipimo havikuwa vya mashindano ya leo, kwa hiyo rekodi tuiache kando. Jambo ninalolitaka kwenye picha zile ni miguu ya wale vijana. Miguu hiyo ilitengenezwa na kuruka kwenyewe.

Na leo? Jioni tazama ziwani. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wanaimba ili mikono iende pamoja. Vuka hapo Goma umwone kijana anayesukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, amepakia mkaa au viazi. Watu wa Goma wanaijua thamani ya kazi hiyo, hata wakamjengea msukuma chukudu sanamu katikati ya mji.

Hapo najua mtu ananijibu. Nakusikia, mama yangu unayevuka Petite Barrière, pale mpakani na Goma, kila asubuhi na mzigo kichwani. Unasema: "Huyu wa redioni anatuambia nini? Mimi nimebeba, nimetembea, nimelima. Siporo ya nini tena?"

Una haki, mama. Kazi yako inahesabiwa, na moyo wako hauulizi kama umechoka kwa siporo au kwa biashara. Dakika zako 150 huenda unazimaliza Jumanne. Wewe sikuongezei mzigo. Nakuomba utazame jambo moja tu: kazi ya kila siku huchagua misuli yake. Shingo na kiuno vinabeba kutwa. Je, mikono inasukuma lini? Tumbo na makalio, ambayo kazi yake ni kukisaidia kiuno, yanapewa zoezi gani? Kwako wewe dakika chache za kuimarisha sehemu zilizosahauliwa zinatosha, na siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi pia.

Haya, tumemaliza sehemu ya pili. Mashine inatoa nusu ya kwanza. Kilima kinatoa nusu ya kwanza na kionjo cha pili. Sasa sehemu ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote: tunaanzaje nyumbani?

Kwanza tahadhari, nami naomba msiiruke. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni: pita kwanza kituo cha afya, au zungumza na mjumbe wa afya wa kijiji chako. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika isivyo kawaida, simama na utafute msaada. Na kwa wote: usizuie pumzi unapojikaza. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudi. Kuzuia pumzi kunapandisha shinikizo la damu ghafla.

Sasa kaa tayari. Nitataja mazoezi matano. Usiandike, yanakaa kichwani.

La kwanza: kiti. Keti kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta. Kunja mikono kifuani. Simama wima, keti tena taratibu. Usijitupe, keti taratibu. Mara kumi. Hili ndilo zoezi la mapaja na makalio. Madaktari pia wanalitumia kupima wazee: unahesabu mtu amesimama mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa aliye na miaka 60 hadi 64, mwanamke akishindwa kufika mara 12, au mwanaume mara 14, ni dalili kwamba miguu inahitaji kuimarishwa asije akaanguka. Baba, mama, mnaweza kupimana wenyewe nyumbani.

La pili: kusukuma. Wengine mnaita pushapu, sisi huku wengi tunaita pompe. Najua mtu akisikia pompe anakumbuka adhabu ya shule. Tulia. Anza na ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, sogea karibu, sukuma urudi. Mara kumi. Ukizoea, ukuta unauacha, unashika meza nzito isiyoteleza. Kisha chini, magoti yakigusa mkeka. Mwisho pompe kamili.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo siri ilipo. Jimu wanaongeza vyuma ili mzigo uwe mzito. Wewe unabadilisha pembe. Mtu wa kilo 60 akipiga pompe kamili, mikono yake inabeba kama kilo 40. Akiweka magoti chini, inabeba kama kilo 30. Akisimama ukutani, inabeba kidogo sana. Mwili uleule, mizigo mitatu. Hukununua kilo hata moja ya chuma.

La tatu: kidato. Tafuta ngazi ya mlango, au jiwe pana lililokaa imara. Panda mguu wa kulia, leta wa kushoto, shuka, badilisha. Dakika moja. Hapo moyo utaanza kusema. Kipimo cha mwendo wa wastani ni hiki: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

La nne: nyonga. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo chini. Inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, kaza makalio, shuka taratibu. Mara kumi. Hili ni la mama wa mzigo na la motari anayeumwa kiuno, wote wawili.

La tano: kujishikilia. Lala kifudifudi, jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, tumbo limekazwa. Usiinue makalio, usiyaangushe. Ukiona zito, weka magoti chini. Sekunde 15 za kuanzia zinatosha. Utashangaa jinsi sekunde 15 zilivyo ndefu!

Turudie pamoja: kiti, kusukuma, kidato, nyonga, kujishikilia. Tena: kiti, kusukuma, kidato, nyonga, kujishikilia. Ukimaliza matano pumzika dakika moja, kisha rudia mzunguko. Anza na mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki. Kwa kuwa unatoka zoezi moja kwenda jingine bila kukaa, moyo unapanda wakati misuli inafanya kazi. Nusu zote mbili kwa wakati mmoja, kwenye nafasi ya mkeka.

Je, mazoezi haya yana upungufu? Ndiyo, na nisipousema nitakuwa nauza bidhaa. Upungufu wake mkubwa ni kuvuta. Mwili wenyewe unasukuma kirahisi, lakini kuvuta kunahitaji kitu cha kuning'inia, chuma au tawi imara. Usipokuwa nacho, chukua jerikani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikani ya lita 20 iliyojaa nusu ni kilo kumi. Inama ukiwa umenyoosha mgongo, shika kiti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine vuta jerikani kuelekea ubavuni. Mara nane kila upande. Ukisha, mwagia maua.

Dada zangu mnaosema hamwezi kufanya siporo mbele za watu: funga mlango. Nafasi ya mkeka mmoja inatosha, na nguo yoyote isiyokubana inafaa. Vijana, ninyi kuna kamba ya kuruka. Nanyi mnaopenda kundi, mnajua nchi yetu ilivyozoea siporo ya pamoja. Kule Kigali, tangu 2016, kuna Jumapili za barabara bila magari, watu wanakimbia na kunyoosha viungo katikati ya mji, na huduma za kupima shinikizo la damu na kisukari zinapelekwa hapohapo. Hao wote wamesimama barabarani wakifanya nini? Wanaruka, wanachuchumaa, wananyoosha mikono. Mashine haipo.

Kabla ya kuagana, niseme neno moja kwa wanaume wanaopenda ushahidi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazima moto zaidi ya elfu moja, wote wanaume, waliofuatiliwa miaka kumi. Walioweza kupiga pushapu zaidi ya 40 mwanzoni, walipata matatizo ya moyo mara chache mno kuliko walioshindwa kufika kumi. Je, pushapu ni dawa ya moyo? Hawakusema hivyo, nami sisemi. Mwenye kuweza 40 huenda ana mengine mazuri katika maisha yake. Lakini ni ishara. Mwili unaoweza kujinyanyua unatoa habari juu ya moyo ulio ndani yake.

Basi, wasikilizaji, tufunge mzigo. Nimesema mambo matatu. Mwili unataka nusu mbili, moyo na misuli. Mashine ya kukimbilia inatoa nusu ya kwanza, na kwa wagonjwa na wenye viungo vibovu ni msaada wa kweli. Uzito wako mwenyewe, ukiupandisha kilimani na kuushusha, ukiusukuma ukutani na kuuinua kitini, unakupa zote mbili. Mwenye pesa ya jimu akitaka aende, ila akifika aipite ile mashine walau siku mbili kwa wiki, aulize mkeka uko wapi.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya chakula cha mtu anayefanya mazoezi: maharage, viazi na hao sambaza wetu. Kama una swali, mpe ripota wetu akipita sokoni.

Taarifa ya habari inafuata baada ya muziki kidogo. Mzee wangu, mama yangu, nawe kaka uliye dukani: huo muziki ni wa dakika mbili. Kiti unacho. Kunja mikono kifuani, simama, keti taratibu, na uhesabu kwa sauti mpaka kumi. Haya, moja!